Anayepima Ndiye Anayemiliki: Mhadhara Kuhusu Kimeng'enya cha Maziwa ya Magadi

Mhadhara kwa umma, Kaloleni, Nairobi

Katika mitaa hii ya Eastlands, kama Kaloleni, Umoja na Dandora, watu hukutana kuzungumza kodi za nyumba, maji taka na kazi za vijana. Ninalolileta leo haliko mbali na hayo, na ninaomba mnivumilie hadi mwisho ili mwone linavyoyagusa.

Nia yangu ni kueleza jinsi kimeng'enya cha bakteria kinavyoweza kukata ukuta mgumu wa mmea, jinsi wanasayansi wanavyobainisha sifa zake, na kwa nini kazi hiyo ya kubainisha ndiyo inayoamua nani atafaidika. Kenya imekuwa mtoaji wa bakteria kwa viwanda vya nchi nyingine. Ninashikilia kwamba hasara yetu kubwa haikutokea siku sampuli zilipobebwa kutoka katika maziwa yetu ya magadi. Ilitokea katika miaka iliyofuata, tulipowaachia wengine kazi ya kupima. Nitaleta hoja nne, kisha nitajibu pingamizi zinazotolewa mara kwa mara.

Hoja ya kwanza: Mmea ni sukari iliyotungwa kwa ustadi, na bakteria ana mkasi wa kuikata

Tuanzie jikoni. Anayepika githeri ya kuuza anajua kwamba mahindi makavu na maharagwe hula makaa mengi. Wapishi wengi hutia magadi kidogo. Baada ya muda maji hugeuka manjano, ganda la hindi hulegea, na haragwe linabonyea kwa kidole. Kilichotokea ndani ya sufuria ile ni kemia halisi. Ukuta wa punje umejengwa kwa nyuzi za selulosi, na nyuzi hizo zimeshikanishwa na gundi za asili ziitwazo hemiselulosi na pektini. Magadi hulegeza gundi hizo. Selulosi yenyewe haikatiki. Hubaki nzima hata githeri ikilainika, na sehemu kubwa yake hupita tumboni mwetu vilevile ilivyoingia.

Kwa nini haikatiki? Fikirieni ushanga. Glukosi ni shanga moja. Ukizitunga shanga hizo zote zikielekea upande mmoja, uzi hujikunja na kuwa wanga, ule wa unga wa ugali. Ukizitunga kila shanga ikiwa imepinduliwa kinyume cha jirani yake, uzi hunyooka, na nyuzi zilizonyooka hulala pamoja na kukazana sana. Hiyo ndiyo selulosi. Kwa hiyo ugali ulio kwenye sahani na shati la pamba ulilovaa vimetungwa kwa shanga zilezile. Tofauti iko kwenye namna ya kufunga fundo. Mate yetu na kongosho letu vina kimeng'enya cha kukata fundo la wanga. Cha kukata fundo la selulosi hatuna. Ng'ombe naye hana cha kwake. Anawategemea vijidudu wanaoishi tumboni mwake.

Kimeng'enya, basi, ni protini inayofanya kazi kama mkasi wa fundi, na kila mkasi una fundo lake. Kwa selulosi, mikasi ni ya aina tatu inayosaidiana: wa kwanza hukata katikati ya uzi, wa pili hukwangua kutoka nchani vipande vya shanga mbili mbili, na wa tatu huvitenganisha vipande hivyo kuwa glukosi. Hapa pana jambo linalofaa kuangaliwa kwa makini. Uzi wa selulosi ni mkubwa mno kuingia ndani ya bakteria, kwa hiyo bakteria hulazimika kuutema mkasi wake nje ya mwili. Ndani ya mwili wake anaweza kujihifadhi katika hali ya utulivu. Mkasi uliotemwa nje hauna kinga. Lazima uvumilie mazingira yoyote yaliyopo.

Sasa fikirieni bakteria anayeishi Ziwa Bogoria au Ziwa Nakuru. Maji ya maziwa haya ya Bonde la Ufa yana magadi mengi, pH yake ikiwa karibu 10, ambayo ni ukali wa maji ya sabuni ya unga. Kandokando ya Bogoria kuna chemchemi zinazotokota kiasi cha wageni kuchemshia mayai. Protini nyingi zikitiwa katika maji ya namna hiyo huharibika. Kimeng'enya cha bakteria wa pale kimezoea hali hiyo, kwa sababu kisingeizoea, mwenyewe asingepata chakula. Ndiyo sababu viwanda vya sabuni na vya nguo viliyatazama maziwa yetu kwa hamu: vilihitaji mkasi usiokufa ndani ya beseni la kufulia.

Hoja ya pili: Kubainisha sifa ni kazi ya subira, na ndiyo inayogeuza tope kuwa mali

Watu wengi husikia kwamba bakteria fulani amegunduliwa wakadhani kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba hapo haijaanza. Tope la ziwa ni tope. Niwaonyeshe linavyogeuka kuwa kitu chenye thamani, hatua kwa hatua, ili mwone kwamba hakuna uchawi ndani yake.

Mtafiti huanza kwa kupanda sampuli kwenye sahani yenye agari iliyochanganywa na aina ya selulosi inayoyeyuka majini, huku akiiweka pH ifanane na ya ziwa. Baada ya siku kadhaa vidoa vya bakteria huota. Kisha humimina juu yake rangi iitwayo Congo Red, huiacha kwa muda, na kuisuuza kwa maji ya chumvi. Rangi hiyo hushika selulosi, kwa hiyo sahani nzima hubaki nyekundu. Lakini ukimpata bakteria anayetema mkasi, utaona duara hafifu limemzunguka, kama uwanja uliofagiliwa. Pale selulosi imekatwa na rangi haina cha kushika. Duara lile, ambalo mwanafunzi wa sekondari anaweza kulipima kwa rula, ndiyo dalili ya kwanza.

Dalili haitoshi; inafuata kazi ya kuhesabu. Kila uzi unapokatwa, ncha mpya ya sukari hufunguka, na kuna asidi iitwayo dinitrosalisiliki inayobadilika kutoka manjano hadi kahawia ikichemshwa pamoja na ncha hizo. Njia hiyo ilienezwa na makala ya Miller ya mwaka 1959 na bado inatumika duniani kote. Ukipima ukolezo wa rangi ile kwa mwanga, unajua ni ncha ngapi zimefunguliwa kwa dakika moja. Hapo ndipo kimeng'enya hupewa kizio chake, na hapo ndipo maabara ya Juja hapa Kenya na maabara ya Copenhagen zinaweza kuzungumza lugha moja.

Kisha huja maswali ambayo mnunuzi yeyote angeuliza. Kinafanya kazi vizuri kwa pH gani? Kwa joto gani, na kikikaa kwenye joto hilo saa moja, kinabaki na nguvu kiasi gani? Kinashika uzi kwa urahisi, na kinakata kwa kasi gani? Swali hilo la kasi hujibiwa kwa hesabu walizoziweka Michaelis na Menten mwaka 1913. Ni madini gani yanakitia nguvu, na ni kemikali gani ya sabuni inayokiua? Uzito wake ni upi, na jeni linalokiandika limepangwaje? Majibu hayo kwa pamoja ndiyo kubainisha sifa.

Tazameni faida yake katika suruali ya jinzi. Zamani jinzi zilipaushwa kwa kuzungushwa kwenye mashine pamoja na mawe mepesi ya volkano, mawe yaliyochakaza mashine na kuacha mchanga ndani ya mifuko. Baadaye viwanda viligundua kwamba selulasi, yaani kimeng'enya cha kukata selulosi, ikikwangua uso wa uzi wa pamba, rangi ya bluu ambayo imekaa juujuu hutoka nayo. Lakini selulasi zinazofanya kazi kwenye maji yenye asidi zilikuwa na kasoro: rangi iliyotoka ilirudi kushika kwenye nyuzi nyeupe, na suruali ikatoka na bluu mahali isipotakiwa. Selulasi zinazofanya kazi katika pH ya wastani zilipunguza kasoro hiyo. Ukizidisha dozi au muda, kitambaa nacho hudhoofika na kuchanika. Kwa hiyo kati ya suruali nzuri na suruali mbovu kuna jedwali la pH, joto, dozi na dakika. Aliye na jedwali hilo ana biashara; aliye na bakteria peke yake ana tope kwenye chupa.

Hoja ya tatu: Historia yetu wenyewe inathibitisha kwamba faida humfuata aliyepima

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichukua sampuli katika maziwa yetu ya magadi na kuwachunguza bakteria wake kwa kina. Kutokana na kazi ya namna hiyo, kampuni ya Genencor ya Marekani ilipata selulasi zinazostahimili magadi na kuzitumia katika bidhaa za kufulia na kutengeneza nguo. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza kwamba litadai sehemu ya faida, likisema halikutoa kibali cha biashara. Upande wa pili ulishikilia kwamba sampuli zilipatikana kwa njia halali. Sitawaamulia shauri hilo hapa. Ninachotaka mkione ni hiki: tulipofika mezani kudai, hatukuwa na jeni, hatukuwa na vipimo, hatukuwa na hataza. Tulikuwa na ziwa. Mwaka 2007 shirika hilohilo lilitia saini makubaliano ya miaka 5 na kampuni ya Novozymes ya Denmaki, yaliyotaja kugawana faida na kufundisha wataalamu wetu. Hiyo ilikuwa hatua mbele, kwa sababu ilitambua kwamba ujuzi nao ni malipo.

Msidhani jambo hili ni la Waafrika tu. Mwaka 1966 Thomas Brock aliwapata bakteria wa maji moto katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani. Mwaka 1976 watafiti wengine wakakibainisha kimeng'enya chao cha kunakili DNA. Katika miaka ya 1980 kimeng'enya hicho kikawa msingi wa mbinu ya Kary Mullis iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1993, na haki za mbinu hiyo ziliuzwa kwa dola milioni 300. Hifadhi yenyewe haikupata mrabaha wowote. Kama nchi tajiri kiasi kile iliona chemchemi yake ikitajirisha wengine, ni wazi kwamba kuwa na chemchemi hakutoshi.

Sheria imejaribu kuweka mizani. Mkataba wa Bayoanuwai wa mwaka 1992 ulitamka kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya rasilimali zake za jeni. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, iliweka utaratibu wa kibali na mgao. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ilinde rasilimali za jeni na maarifa ya jamii. Na tukizungumzia jamii, tuseme wazi: kando ya Bogoria wapo Waendorois, walioondolewa kwenye ardhi yao miaka ya 1970 ili pawe hifadhi, na ambao Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwapa haki katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2010. Sisi wa Nairobi tukipima bakteria wa Bogoria bila kuwahusisha, tutakuwa tumewatendea kama tulivyotendewa.

Hoja ya nne: Eastlands ina sababu zake za kutaka ujuzi huu

Mtu anaweza kusema Bogoria ni mbali. Nendeni Gikomba asubuhi marobota ya mitumba yanapofunguliwa. Jinzi zilizopaushwa kwa vimeng'enya zinamwagwa chini kwa mamia. Fulana za pamba zina vifundo vidogo vilivyotokana na kufuliwa mara nyingi. Vifundo hivyo ni selulosi iliyoinuka, na ndivyo ambavyo selulasi ya sabuni hukwangua ili rangi ionekane upya. Huko Athi River, mwendo mfupi kwa matatu, viwanda vya eneo huru la biashara hushona nguo za kuuzwa Marekani. Kijana wa Umoja anayefanya kazi huko hushika kitambaa kilekile, lakini maarifa ya maji ya kukisafishia yananunuliwa kutoka nje yakiwa ndani ya pipa.

Halafu kuna Dandora. Jaa lile lilianza miaka ya 1970 na lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na bado malori yanaingia. Sehemu kubwa ya kinachomwagwa pale ni mabaki ya mimea: maganda ya ndizi, majani ya sukuma wiki na kabichi, mabua na maganda ya mahindi, masazo ya hoteli na masoko. Yote hayo ni selulosi, hemiselulosi, pektini na wanga, yaani sukari iliyofungwa. Yakiachwa yaoze bila hewa chini ya plastiki hutoa gesi ya methani na maji machafu yanayotiririkia Mto Nairobi. Yakikatwa kwa mpango hulisha mtambo wa biogesi, hutoa mboji, au hulisha vijidudu wa kiwandani. Ili kuyakata kwa mpango lazima ujue mkasi gani unafaa kwa ganda la ndizi na upi kwa bua la hindi, na hilo hujulikana kwa kupima taka za hapa katika joto la hapa.

Sitawaahidi miujiza. Lignini, ile sehemu ngumu ya mti inayofunika selulosi, huvizuia vimeng'enya visiifikie, na mara nyingi taka hulazimika kupondwa au kutiwa magadi kwanza. Taka iliyochanganywa na nepi, chupa na betri haifai hata ukiwa na kimeng'enya bora duniani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe zinakotoka. Kutenganisha huko huanzia kwenye ndoo mbili nyumbani, na bila ndoo hizo maabara haina cha kushika.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza husema kwamba bakteria hana mwenyewe, na aliyefanya kazi ndiye anayestahili. Nusu ya kauli hii ni kweli, na mhadhara wangu wote umeikubali: kazi ndiyo inayoleta thamani. Lakini kazi hiyo haina pa kuanzia bila ziwa lililotunzwa, na sheria ya kimataifa imekubali kwamba mtunzaji ana sehemu yake. Kauli hii ikifuatwa hadi mwisho wake, inatuamuru tufanye kazi wenyewe.

Pingamizi la pili ni la gharama: tuna shule zisizo na madawati, tutawezaje kununua mitambo? Nawaomba mtenganishe gharama za hatua mbalimbali. Kusafisha protini hadi ibaki peke yake na kusoma jeni lake lote ni ghali, na kazi hiyo inahitaji vyuo vikuu. Lakini sahani ya agari, Congo Red, maji ya chumvi, beseni la maji moto na kipimo cha mwanga si vitu vya anasa. Maabara nyingi za vyuo vya hapa nchini tayari zinavyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia wamechapisha kazi kuhusu bakteria wa maziwa ya Elementaita na Magadi. Kiwanda cha nguo cha Rivatex huko Eldoret kilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Pande zote mbili zipo, yaani anayepima na anayehitaji kipimo. Kinachokosekana ni kuwakutanisha kwa mkataba na kwa bajeti isiyokatika kila mwaka.

Pingamizi la tatu ndilo gumu zaidi. Siku hizi jeni halibebwi kwenye chupa. Linasomwa, linaandikwa kwa herufi nne, na kutumwa kwa intaneti, kisha kiwanda cha mbali hukitengeneza kimeng'enya bila kufika Kenya. Je, kuna faida gani kulinda ziwa? Nchi za dunia zimeliona tatizo hili, na mwaka 2025 ulizinduliwa Mfuko wa Cali ili kampuni zinazotumia taarifa za jeni zichangie. Tuupokee mfuko huo, lakini tusikae tukiungoja, kwa maana michango yake ni ya hiari. Herufi za jeni peke yake hazisemi kimeng'enya kitafanya nini kwenye ganda la ndizi la Dandora. Hilo hujulikana kwa kupima, na hapo tunarudi palepale tulipoanzia.

Wapo pia wanaosema maji yakimwagika hayazoleki, kwamba vilivyo bora vimekwisha kuchukuliwa. Sivyo. Sehemu ndogo tu ya vijidudu wa mazingira yoyote ndiyo iliyowahi kukuzwa maabarani. Waliobaki Bogoria, Magadi na hata ndani ya taka za Dandora ni wengi kuliko waliokwisha kuandikwa.

Mwisho

Bwana Mwenyekiti, naomba nimalize kwa maombi matatu. Kwa walimu wa sayansi wa shule za Eastlands: wapeni wanafunzi tope, agari na rula, waone lile duara hafifu kwa macho yao kabla hawajaambiwa kwamba sayansi ni ya watu wa ng'ambo. Kwa vyuo vyetu na serikali ya kaunti: chukueni taka za soko moja tu, Gikomba au Muthurwa, mzibainishe mwaka mzima, na mtangaze matokeo kwa Kiswahili ili anayezibeba na anayezichoma ajue thamani yake. Kwa wabunge wetu: mkisoma mkataba wowote wa bakteria wa Kenya, tafuteni kifungu kinachosema nani atapima, wapi, na nani atabaki na majedwali; kama hakipo, msiukubali.

Nanyi wazazi, mtoto akiuliza kwa nini githeri imelainika baada ya kutiwa magadi, msimwambie anyamaze ale. Mwambieni ajaribu sufuria mbili, moja yenye magadi na moja isiyo nayo, ahesabu dakika na kuziandika. Nchi inayopima huanzia hapo.